Mleta na Mwenyewe: Bi Rosalba Laker Anaagana na Nyumba ya Nyaraka

Bi Rosalba Laker, mtunzaji mkuu wa karatasi binafsi katika Nyumba ya Nyaraka ya hapa Lubaga, Kampala, anastaafu tarehe 31 Agosti 1979 baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Ofisi ya utumishi imeandika ishirini na saba na ushei, kwa kuwa imeondoa miezi aliyofukuzwa kazi. Sisi tuliofanya kazi naye tunaihesabu yote, na miezi ile tungependa ihesabiwe mara mbili.

Niliombwa niandike wasifu huu kwa Kiingereza, uwe mfupi, na uwe wa kuchangamsha. Kiingereza nimekikataa. Bi Rosalba alizaliwa katika kambi ya jeshi, baba yake akiwa koplo wa Kiacholi katika jeshi la wakoloni, na Kiswahili ndicho alichogombezwa nacho tangu utotoni. Mimi ni Mnubi wa mtaa wa Kisenyi, fundi wa kujalidi vitabu, na babu zangu walikuja nchi hii na bunduki mabegani wakizungumza lugha hiyo hiyo kwa namna yao. Ndiyo tuliyotumia kazini siku zote, kwa mema na kwa ugomvi. Ufupi sina. Uchangamfu nitajitahidi, ila msomaji asinidai sana.

Alianza kazi mwaka 1951 kama mpiga chapa, wakati mkuu wa nyumba hii alikuwa Mwingereza mwenye masharubu aliyeogopa mchwa kuliko alivyoogopa simba. Haikuchukua muda yule bwana akagundua kwamba binti huyu ana mikono mitulivu, akamtoa kwenye mashine na kumkabidhi kasha lililokuwa limekaa kabatini miaka bila mtu wa kulishughulikia. Zilikuwa karatasi binafsi za Kapteni Lemuel Haskett.

Kapteni huyo alikuwa Mmarekani wa karne iliyopita. Alitumikia jeshi la nchi yake kwenye mpaka wa magharibi, kule kwenye mbuga ambako kazi ya jeshi ilikuwa kuwafukuza wenyeji ili walowezi wapate kulima. Vita vya huko vilipopungua na vyeo navyo vikapungua, akajiajiri kwa mtawala wa Misri, kama walivyofanya maofisa kadhaa wa Kimarekani wakati ule, akapanda Mto Naili hadi kwenye ngome za kaskazini mwa nchi yetu. Homa ikammaliza huko. Kasha lake likapita mikono ya wamisionari, likapita kabati la gavana, likatua kwetu.

Ndani mlikuwa na barua kwa dada yake, shajara, michoro ya vijito na vilima, risiti za shayiri ya farasi, picha moja ya Kapteni akiwa amekunja uso. Chini kabisa, katika kitambaa, mlikuwa na jozi ya viatu vya mtoto mchanga, vya ngozi laini, vimeshonewa shanga za buluu. Shajara ilieleza vilikotoka bila kuficha. Asubuhi moja ya baridi walichoma kijiji cha wenyeji, na Kapteni akaokota viatu hivyo katika hema. Ukurasa unaofuata anamlilia farasi wake aliyevunjika mguu. Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi na kila mara nimetamani mtu huyo angekuwa hai nimtukane.

Mwingereza alimwambia aandike kadi: viatu vya mtoto, mali ya Kapteni Haskett. Bi Rosalba akaandika kadi yake hivi. Mleta: Kapteni Haskett. Mwenyewe: mtoto, jina halikuandikwa. Mwingereza akacheka, akasema binti huyu atatumaliza kwa kadi, lakini hakuifuta. Tangu siku hiyo kila kitu kinachoingia katika nyumba hii huulizwa maswali hayo mawili, nani amekileta na nani mwenyewe. Wageni kutoka nyumba za nyaraka za nje wametuona washamba kwa ajili hiyo. Sisi ndivyo tulivyofundishwa na Bi Rosalba, na hatukuwahi kuona sababu ya kuacha.

Zipo habari nyingi za kuchekesha ambazo wenzangu wangependa nizieleze. Kila kiangazi alitutoa nje na kamba na vibanio vya nguo, tukaanika karatasi zenye ukungu uani, hadi padri mmoja kutoka kanisa kuu akaja kutuuliza kwa upole kama kweli tunafua barua. Aliwahi kumnyang'anya profesa kalamu ya wino mbele ya wanafunzi wake na kumpa penseli iliyotafunwa. Paa lilipovuja aliteremka Kisenyi mwenyewe, akawabembeleza mafundi wa magari mpaka wakampa mipira mikuukuu ya matairi, nasi tukaziba nayo. Akimkuta mtu anakula njugu karibu na kasha la Kapteni, mtu huyo alijuta kuzaliwa. Mimi ni shahidi, njugu zilikuwa zangu.

Sasa yafuatayo si ya kuchekesha.

Mume wa Bi Rosalba aliitwa Odur. Alikuwa sajini wa polisi, mpiga tarumbeta katika bendi, mtu mwembamba mwenye mashavu makubwa, na tulimtania kwamba mashavu ni ya serikali. Alikuwa na tabia moja. Kile kipande cha shaba cha kupulizia alikichomoa kila baada ya kazi na kukitia katika mfuko wa shati, kwa kuwa hakutaka mdomo wa mtu mwingine ukiguse. Mwaka 1972, mwaka wa pili wa utawala wa kijeshi, wakati wanaume wa Kiacholi na Kilango walipokuwa wakitolewa majumbani na makazini, watu waliovaa miwani myeusi walimkuta Kyebando akiosha baiskeli mlangoni kwake. Walimwambia ni dakika chache tu. Aliondoka na shati lake na kile kipande mfukoni.

Bi Rosalba alizunguka kila ofisi. Ofisi moja ikampa jibu, na jibu hilo likakaa miaka: mumeo amepelekwa kozi. Kozi gani, wapi, ya kupiga nini, hakuna aliyesema. Ilikuwa lugha ya siku zile. Watu walipotea kwa maelfu na wote, kwa mujibu wa serikali, walikuwa masomoni.

Ubaya wa neno hilo haukuwa uongo wake tu. Mtu aliye kozini haliliwi. Mama mkwe wake, Bi Filda, kule Kitgum, alikataza katakata msiba wa mwanawe usikaliwe wala usimalizwe mpaka apate neno la kweli, na ukoo ukamsikiliza. Anena, binti yao, akakua bila kujua kama ana baba. Na hapa mjini mwanamke aliyeangua kilio kwa ajili ya mtu ambaye serikali imesema yuko hai alikuwa anaitukana serikali. Kwa hiyo Bi Rosalba hakulia. Alikuja kazini na sura ya kazi. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, ajue Odur amepatwa na nini, na sote tuliokaa naye chumba kimoja tulikijua bila kuambiwa.

Mwaka 1975 tuliletewa mkuu mpya, Meja Zubairi. Wakati ule wanajeshi waligawiwa ofisi kama pipi. Ninasema kwa uchungu kwamba mtu huyu nilimjua, alikuwa dereva wa lori pale Kisenyi kabla ya jeshi, na tulisali msikiti mmoja. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipenda chai yenye tangawizi, na baada ya chakula cha mchana alipenda kuja chumbani kwetu, kukaa kwenye kiti cha wasomaji na kumwambia Bi Rosalba amsomee barua za Kapteni kwa Kiswahili. Habari za farasi zilimfurahisha. Alivutiwa zaidi na kile kitambaa safi, na kamba mpya, na jinsi karatasi za askari mmoja aliyekufa zilivyobembelezwa miaka mia. Siku moja aliuliza kama huyu alikuwa kapteni tu. Akaambiwa ndiyo. Akatikisa kichwa, akainuka akaenda zake.

Miaka miwili baadaye lori la jeshi lilishusha uani sanduku jeusi la chuma. Meja alikuja nyuma yake amevaa nishani zote.

"Mama, hii sanduku yangu weka karibu na ile ya Muzungu," alisema. "Na mimi nina karatasi. Andika yote, usiache kitu. Kama ya Muzungu."

Tulifungua. Juu zilikuwa picha zake, na kadi za mialiko ya Ikulu, na cheti cha mafunzo ya vifaru. Chini yake kulikuwa na miwani. Vitambulisho vya kazi. Rozari. Leseni za udereva, saa za mkono zilizosimama, kitabu cha nyimbo za kanisa chenye jina ndani, tai ya shule, mpira wa daktari wa kusikilizia vifua. Vitu vya watu, vingine vikiwa na picha za wenyewe vikitutazama.

Msomaji atauliza mtu gani mwenye akili zake huleta vitu hivyo ofisini kwa mkono wake. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani Meja hakuona neno. Aliviweka kama mwindaji anavyoweka pembe ukutani. Kasha la shujaa wa Kimarekani lilikuwa na viatu vya mtoto, na watu wazima wenye digrii walikuja kulisoma kwa heshima. Kwa nini la kwake lipungukiwe? Ndivyo tulivyokuwa tumemfundisha sisi wenyewe, na kitambaa chetu safi.

Nilimwambia Bi Rosalba, tukiwa wawili, atafute kile kipande cha shaba kwanza. Sanduku lile angeweza kulimwaga sakafuni na kujua kabla ya chai. Alikataa. Alisema kitu kikitolewa mahali pake kinapotea habari yake, na wenyewe ni wengi. "Sulaimani, mimi nina wangu, lakini hawa pia wana watu yao," alisema. Nilimkasirikia sana. Nilimwona ana moyo wa jiwe, na nikakaa siku kadhaa bila kumsalimu. Yeye akaanza juu na kuteremka, kitu kimoja kimoja, kama alivyofanya na kasha la Kapteni alipokuwa msichana. Mleta: Meja Zubairi. Mwenyewe: Erinayo, mwalimu wa hesabu. Mleta: Meja Zubairi. Mwenyewe: Tarcisio, karani wa posta. Pale ambapo hapakuwa na jina aliandika mwenyewe hajulikani, akaeleza kitu chenyewe mpaka mkwaruzo wa mwisho. Kila alipoinua kitambaa alisita kidogo kabla ya kutazama. Hicho ndicho nilichokiona kila siku kutoka meza yangu, na hasira yangu ikaniisha.

Alifika chini ya sanduku. Cha Odur hakikuwamo.

Alikunja kitambaa, akanawa mikono, akazipeleka kadi kwenye droo za chumba cha kusomea ambako raia yeyote anaruhusiwa kuzifungua. Ndiyo kanuni ya nyumba. Kadi ya Kapteni iko huko, kadi ya Meja ikawa huko pia. Meja alikuja akaona jina lake limeandikwa vizuri juu ya sanduku, rafu moja na Mzungu, akaridhika. Droo hakuzifungua. Wakubwa wa aina yake hawafungui droo.

Watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Safinah, mke wa yule mwalimu Erinayo, aliyeletwa na shemeji yake, mwanafunzi aliyekuwa akija kusoma nyaraka hapa na kukutana na jina kwa bahati. Alitia sahihi kwenye kitabu cha wageni kwamba anafanya utafiti wa historia. Bi Rosalba akamtandikia kitambaa mezani, akamwekea miwani ya mumewe, akamwambia akae atakavyo. Kesho yake walikuja wawili. Kisha habari ikateremka Kisenyi, ikapita sokoni na makanisani, na baada ya muda mfupi Kampala ilikuwa na wanahistoria kuliko jiji lolote la Afrika. Wanahistoria wenye watoto mgongoni. Wanahistoria wauza vitenge. Mzee mmoja asiyejua kusoma aliandikiwa na mjukuu wake kwamba anatafiti historia, akakaa na saa ya mwanawe mkononi mpaka tukafunga.

Bi Rosalba, ambaye angeweza kukufukuza kwa tone la chai, hakumkemea hata mmoja aliyelowesha karatasi.

Lakini hakumruhusu mtu aondoke na kitu. Hapo alitukanwa. Mama mmoja alimpigia magoti amwachie rozari ya bintiye, akakataa, na yule mama akamwita mke wa wauaji mbele yetu sote. Kama kingetoka kimoja vingetoka vyote, Meja angejua, na kisingebaki cha kuonyesha kwamba watu hao hawakuwa kozini. Aliyajua hayo na hakuweza kumweleza mtu. Alimeza tusi hilo na mengine, akarudisha rozari mahali pake. Mimi ningeshindwa. Nasema wazi kwamba ningeitoa.

Mwezi wa tisa mwaka jana ofisa mmoja mdogo aliona foleni na kwenda kusema. Meja akaja mwenyewe, bila chai, bila nishani. Alivuta droo akasoma kadi akiwa amesimama, moja baada ya nyingine, muda mrefu. Chumba kilijaa watu. Nilijua nitamwona Bi Rosalba akitiwa katika buti la gari.

"Nani alikwambia andika namna hii?"

"Ni wewe, afande. Ulisema niandike yote, kama ya Muzungu."

Alizirudisha kadi ndani ya droo. Na hapo, badala ya kunyamaza kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angenyamaza, Bi Rosalba akamuuliza.

"Na wangu, afande? Odur, ya bendi ya polisi. Nimetafuta yote. Hayumo."

Meja alimtazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia baridi mpaka leo. Alimjibu kwa upole, kama mwenye duka anayemwambia mteja kwamba bidhaa imekwisha.

"Mama, sisi hatukuweka vitu ya watu yote."

Akaondoka na droo nzima kwapani, na askari wakabeba sanduku hadi ofisini kwake. Kesho yake Bi Rosalba alipata barua ya kustaafishwa kwa manufaa ya umma. Kwa nini hakuuawa, sijui. Labda Meja alihitaji mtu wa kuja kulitunza sanduku lake siku moja. Labda alisahau tu, kwa kuwa vita vilianza mwezi uliofuata.

Aprili mwaka huu utawala ule ulipoanguka, Meja alikimbia. Tuliingia ofisini kwake tukakuta sanduku na droo. Alikuwa amechomoa picha zake, mialiko yake na cheti chake cha vifaru, akaacha vya watu. Bi Rosalba alirudishwa kazini mwezi wa tano, na amezitumia siku zake za mwisho kuwaita wenyewe mmoja mmoja na kuwakabidhi. Yule mama wa rozari alikuja, na hakuomba radhi, na Bi Rosalba hakuingoja. Sanduku sasa limebaki na vile visivyojulikana wenyewe. Viatu vya shanga za buluu viko palepale, na hakuna aliyewahi kuja kuviulizia.

Neno moja langu binafsi, mhariri akipenda alifute. Siku zile za Aprili, vijana walipokuwa wakipita Kisenyi wakitafuta kila Mnubi aliyesali pamoja na kina Zubairi, Bi Rosalba alikuja kwa miguu kutoka Kyebando, akakaa kwenye kizingiti changu akiwa amevaa gomesi, vazi lake la kanisani, akawaambia yeye ni mke wa Odur na nyumba hii ni ya mtu wake. Walipita. Sijampa asante mpaka leo, kwa sababu kila nikianza ananiuliza kuhusu gundi.

Kwa jumla, basi, tunamshukuru. Kamati imenunua saa ya ukutani na kitambaa cha meza, na kutakuwa na soda. Hotuba zitasema anakwenda kupumzika. Si kweli, na sioni kwa nini tumdanganye hata siku ya kumuaga. Bi Rosalba anakwenda Kitgum kwa Bi Filda kumpelekea yale maneno ya Meja, neno la kweli pekee alilopata mwanamke huyu kwa miaka saba, la mtu aliyesema "sisi" na hakutaja kozi, na limetoka katika kinywa hicho. Ukoo umekubali kwamba linatosha. Watamzika Odur mwezi ujao bila mwili wake, bila shati, bila kipande cha shaba.

Mama Anena, wengine wanaostaafu tunawatakia maisha marefu na kuku wengi. Wewe tunakutakia kilio. Ulie kwa sauti yako yote, mchana kweupe, mlango wazi, majirani wasikie waje, na asitokee mtu wa kukuuliza unamlilia nani.

Sulaimani Kamis,
kwa niaba ya wafanyakazi wa Nyumba ya Nyaraka